London, Berlin au Vienna: mpangaji mgeni ahamie wapi?

Anayepata nafasi ya kusoma au kazi Ulaya huuliza ada kwanza, kisha mshahara, kisha baridi. Nyumba huulizwa mwisho, mara nyingi tiketi ikiwa imeshakatwa. Mimi ningeiweka mwanzo kabisa. Katika miji mikubwa ya Ulaya kodi ya pango ndiyo inayoamua kama mshahara uliokuvutia utakutosha, kama utaweza kumleta mwenzi wako na watoto, na kama utakaa karibu na kazi au utaishi kwenye treni.

Nimechukua miji mitatu, na wa nne nitaugusa kwa ufupi. London na Berlin ziko hapa kwa sababu ndiko watu wetu wanakoelekea: Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021, na Kenya na Ujerumani zikafuata na makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi Septemba 2024. Vienna ina ofisi kubwa za Umoja wa Mataifa, na ndiyo inayotajwa kila wanasiasa wa Ulaya wanapobishana juu ya makazi. Kila upande huitolea mfano.

Ukitaka kuchagua vizuri, weka kando orodha za wastani wa kodi. Zinaficha jambo kubwa zaidi: katika kila mji kuna watu wanaoishi mtaa mmoja, pengine hata jengo moja, na mmoja analipa mara mbili ya mwenzake. Mjini London pengo hilo liko kati ya mwenye nyumba na mpangaji. Mjini Berlin liko kati ya aliyeweka saini mkataba zamani na anayeweka saini leo. Mjini Vienna liko kati ya aliyetimiza miaka na aliyefika juzi. Mgeni huangukia upande mbaya kote kutatu. Swali la maana ni moja: utakaa upande huo kwa muda gani?

London

Baada ya Vita Kuu ya Pili manispaa za London zilijenga nyumba za kupangisha kwa wingi, na mfanyakazi wa kawaida aliishi humo kwa kodi anayoimudu. Mwaka 1980 serikali ya Margaret Thatcher ilipitisha sheria iliyompa mpangaji wa manispaa haki ya kununua nyumba anayoishi kwa punguzo kubwa. Familia nyingi za wafanyakazi zilimiliki nyumba kwa mara ya kwanza, na sioni sababu ya kuzilaumu. Kosa lilikuwa la serikali: manispaa zilizuiwa kutumia sehemu kubwa ya fedha hizo kujenga nyumba nyingine. Katika England nyumba karibu milioni 2 zimeuzwa hivyo. Nyingi za London ziliuzwa tena, zikaishia mikononi mwa watu wanaozipangisha kwa bei ya soko, na kuna manispaa zinazokodi tena nyumba zilizokuwa zao ili kuzihifadhi familia zisizo na makao. Leo zaidi ya watu 180,000 wa London wanaishi katika makazi ya muda yanayotafutwa na manispaa. Mtoto anaweza kulelewa miaka kadhaa katika chumba cha hoteli na wazazi wake, huku mji unaomzunguka ukiwa miongoni mwa miji tajiri zaidi duniani.

Hakuna mahali palipoonyesha pengo hilo kwa uchungu kama Grenfell Tower. Jengo hilo la ghorofa 24 liliungua usiku wa tarehe 14 Juni 2017, na watu 72 wakafa. Moto ulipanda haraka kupitia mabamba yaliyobandikwa nje ya kuta, ambayo yalishika moto kwa urahisi. Wakazi walikuwa wameshalalamika kuhusu usalama wa jengo lao kabla ya hapo. Wengi walikuwa wahamiaji na watoto wa wahamiaji, na manispaa yao, Kensington and Chelsea, ni mojawapo ya tajiri kabisa nchini Uingereza. Kwangu mimi, kila anayehamia London anapaswa kujua habari ya Grenfell, na akienda kuangalia fleti kwenye jengo refu aulize habari za moto bila kuona haya: kengele, ngazi za dharura, kuta za nje zimefunikwa kwa nini.

Tuje kwenye mfuko. Takwimu za taifa za mwaka 2025 zinaonyesha wastani wa kodi kwa wapangaji wa watu binafsi London umepita pauni 2,200 kwa mwezi. Ndiyo maana kijana anayefika peke yake hakodi fleti, anakodi chumba katika nyumba ya kuchangia. Hapo London ina sifa yake: soko la vyumba linakwenda mbio, na mtu anaweza kufika Jumatatu akawa amehamia chumbani kabla ya wiki kwisha. Lugha anaijua. Wenzake wanaozungumza Kiswahili wapo, hasa mashariki mwa jiji, na chumba kizuri hupatikana zaidi kwa mdomo wa mtu kuliko kwa tangazo.

Sheria nazo zimekuwa rafiki kuliko zamani. Tangu Juni 2019 dalali haruhusiwi kumtoza mpangaji ada ya kutafutiwa nyumba, na amana haizidi kodi ya wiki 5 kwa nyumba za kawaida. Lazima iwekwe katika mfuko unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Sheria mpya ya haki za wapangaji, iliyoidhinishwa Oktoba 2025, inafuta kuanzia Mei 2026 ule utaratibu wa tangu 1988 wa kumtoa mpangaji bila kumpa sababu yoyote. Inakataza pia kupokea kodi inayozidi iliyotangazwa, na kudai kodi ya zaidi ya mwezi mmoja kabla mpangaji hajaanza kukaa. Hili la mwisho ni kubwa kwetu. Mgeni asiye na mdhamini aliyeko Uingereza alikuwa akiambiwa alipe miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, kama wengi wa Dar es Salaam walivyozoea kudaiwa.

Kitu ambacho sheria hiyo haikugusa ni bei yenyewe. Kodi hupandishwa mara moja tu kwa mwaka, lakini hupandishwa hadi pale soko lilipo. Na mwenye viza ya kazi au masomo kwa kawaida hana ruhusa ya kutumia misaada ya umma, kwa hiyo nyumba za manispaa amefungiwa mpaka apate ukaazi wa kudumu, na hata hapo atakuta foleni ndefu sana. Tangu 2016 mwenye nyumba katika England analazimika kukagua kama mpangaji ana haki ya kuishi nchini. Weka nyaraka zako za viza tayari kabla ya kwenda kuona chumba. Njia ya kweli ya kutoka upande mbaya wa London ni kununua, na anayenunua huko siku hizi mara nyingi amesaidiwa na wazazi wenye nyumba. Mzazi wako yuko Morogoro au Kisumu. Utapanga mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka utalipa bei ya mwaka huo.

Berlin

Zaidi ya watu 8 kati ya 10 wa Berlin ni wapangaji. Kupanga huko si dalili ya kushindwa maisha. Profesa anapanga, na dereva wa basi anapanga. Hilo peke yake hubadilisha namna mwenye nyumba anavyoongea na wewe.

Sasa tazama hesabu. Jedwali rasmi la kodi la mji, Mietspiegel, la mwaka 2024 liliweka wastani wa euro 7.21 kwa mita ya mraba, bila gharama za maji na joto. Matangazo ya nyumba zinazotafuta wapangaji kipindi hichohicho yalizidi euro 15. Fleti ya mita 60, kwa aliyetangulia, ni kama euro 433. Kwa anayefika leo ni zaidi ya 900. Jengo moja, ngazi moja, takataka zinatupwa pipa moja. Matokeo yake ni kwamba aliyetangulia hahami hata akipata watoto watatu, wala hahami wakishaondoka na kubaki mjane peke yake katika vyumba vinne, kwa sababu fleti ndogo ya leo ni ghali kuliko kubwa yake ya zamani. Mji mzima umeganda.

Mji haukufika hapo kwa bahati mbaya. Mwaka 2004, ukiwa umezama katika madeni, uliuza kampuni yake ya nyumba, GSW, iliyokuwa na fleti takriban 65,000. Wawekezaji walilipa euro milioni 405 na kuyachukua madeni ya kampuni. Baadaye GSW ikamezwa na Deutsche Wohnen, na hiyo nayo ikachukuliwa na Vonovia mwaka 2021. Wakazi walipambana. Februari 2020 jimbo la Berlin lilifunga kodi zisipande. Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ikasema jimbo halina mamlaka hayo, na wapangaji wengi wakadaiwa tofauti waliyokuwa hawajalipa. Septemba mwaka huohuo wapigakura asilimia 59 waliunga mkono kura ya maoni ya kutaka kampuni zenye fleti zaidi ya 3,000 mjini zitaifishwe kwa kulipwa fidia. Tume ya wataalamu ikasema mwaka 2023 kwamba jambo hilo linawezekana kisheria. Fleti bado ziko mikononi mwa kampuni.

Kwa nini basi nauona Berlin kuwa mji wa kufikiriwa kwa uzito? Kwa sababu ukishaushika mkataba wa kawaida, umeushika. Mkataba wa Kijerumani kwa kawaida hauna tarehe ya mwisho. Mwenye nyumba hawezi kukutoa bila sababu inayotambuliwa na sheria, ingawa moja ya sababu hizo, kwamba anaihitaji nyumba kwa ajili yake au jamaa yake, hutumiwa mno. Kodi yako haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 15 ndani ya miaka 3, na isivuke kiwango cha kodi cha eneo, kile cha Mietspiegel. Baada ya miaka mitano wewe ndiye unakuwa yule aliyetangulia.

Kazi iko kwenye kuingia. Fleti moja ikitangazwa, maombi huwa mamia. Wanataka slipu tatu za mshahara, barua ya mwenye nyumba wa awali kwamba hudaiwi, na Schufa, ripoti inayoonyesha kama unalipa madeni yako. Mgeni aliyefika juzi hana historia ya kuripotiwa. Ubaguzi wa jina upo, japo sheria inaukataza tangu 2006. Kwa hiyo wengi huanzia kwenye WG, yaani fleti ya kuchangia ambamo kila mtu ana chumba chake, au huchukua fleti yenye samani kwa miezi sita. Hapo pa samani uwe macho. Kanuni inayosema kodi mpya isizidi kiwango cha eneo kwa zaidi ya asilimia 10 inafanya kazi Berlin tangu 2015, lakini samani huwapa wenye nyumba mwanya wa kuongeza wanachotaka. Jiunge na chama cha wapangaji mara tu unapofika. Kwa ada ndogo ya mwaka wanasheria wao watausoma mkataba wako na kukuambia kama unatozwa kupita kiasi, na wengi wameshapata fedha zao kurudishwa.

Mambo mawili ya vitendo ambayo huwashangaza watu wetu. La kwanza, bei unayoiona huenda ni Kaltmiete, kodi tupu. Joto, maji na huduma za jengo huongezwa juu yake, na umeme unalipa mwenyewe. La pili, fleti isiyo na samani inaweza kuwa haina hata jiko: hakuna sinki, hakuna kabati, aliyekuwepo ameondoka navyo. Amana haizidi kodi tupu ya miezi 3, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu. Wachache huambiwa hilo.

Nitaje na hili, kwa sababu linatuhusu. Neukölln, mtaa wa wahamiaji ambako kodi zimepanda vibaya sana, una barabara inayoitwa Lucy-Lameck-Straße tangu 2021, kwa heshima ya Lucy Lameck, waziri mdogo wa kwanza mwanamke wa Tanganyika huru. Zamani ilikuwa na jina la Wissmann, kamanda wa Wajerumani aliyeikandamiza pwani yetu. Na Wedding, upande wa kaskazini, sehemu ya barabara iliyobeba jina la Carl Peters, mwasisi wa koloni la Wajerumani Afrika Mashariki, inaitwa Maji-Maji-Allee tangu Agosti 2024. Wenyeji wenye asili ya Afrika waliyapigania majina hayo miaka mingi. Ningependa watoto wao waweze kumudu kuishi kwenye barabara hizo.

Vienna

Mwaka 1919 chama cha wafanyakazi kilishinda uchaguzi wa mji uliokuwa umejaa njaa, kifua kikuu na watu waliopanga kitanda kwa saa kadhaa tu kwa siku. Kilichofuata ni uamuzi wa kodi ya serikali. Kuanzia 1923 mhusika wa fedha wa mji, Hugo Breitner, aliweka kodi maalumu ya makazi iliyomuuma tajiri zaidi kuliko maskini, na fedha hizo zikajenga fleti zaidi ya 60,000 kufikia 1934. Jengo la Karl-Marx-Hof, lililofunguliwa 1930, lina urefu wa zaidi ya kilomita moja na lilikuwa na fleti 1,382 pamoja na mabafu, dobi, maktaba na shule za chekechea. Februari 1934 jeshi liliupiga mizinga mjengo huo wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Umetengenezwa, na hadi leo watu wanaishi humo.

Vienna haikuuza. Hilo ndilo jambo kubwa. Wakati London ikiwauzia wapangaji na Berlin ikiwauzia wawekezaji, Vienna ilibaki na nyumba zake: leo mji una fleti takriban 220,000, na vyama vya nyumba ambavyo faida yao imewekewa mipaka na sheria vina karibu idadi kama hiyo. Kiasi cha nusu ya wakazi wanaishi humo. Kikomo cha kipato cha kuingilia kimewekwa juu makusudi, kwa hiyo mwalimu na fundi bomba wanakutana kwenye lifti, na kipato chako kikipanda baadaye hufukuzwi. Hakuna mtaa unaoweza kuunyooshea kidole ukasema hapa ndipo pa mafukara. Mwenye nyumba binafsi naye anashindana na nyumba hizo, asipoangalia anabaki na fleti tupu.

Lakini wewe uliyefika juzi hauko kwenye nusu hiyo. Ili kupewa tiketi ya nyumba ya mji, yaani kibali cha kuiomba, lazima uwe umeandikishwa Vienna angalau miaka 2 mfululizo, na uwe raia wa Austria au nchi ya Umoja wa Ulaya, au mkimbizi aliyetambuliwa, au mwenye ukaazi wa muda mrefu ambao kwa kawaida hupatikana baada ya miaka 5 na mtihani wa Kijerumani. Kabla ya hapo uko sokoni, na soko binafsi la Vienna lina mikataba mingi ya muda maalumu inayokwisha baada ya miaka michache. Zaidi ya theluthi moja ya wakazi hawana uraia wa Austria, na wengi wao ndio wanaobeba mzigo huo. Nausifu mji huu kwa moyo wote, ila wanaousifu mara nyingi hulisahau kundi hilo.

Ufanye nini katika miaka hiyo? Jiandikishe ndani ya siku 3 baada ya kuhamia, na usiache pengo hata la mwezi mmoja katika uandikishwaji wako, maana miaka yako inahesabiwa kwa karatasi hiyo. Tafuta fleti katika majengo ya kabla ya 1945, kwa sababu mengi yana kikomo cha kodi kisheria, na mkataba wa muda maalumu humo unapaswa kupunguziwa bei. Omba pia kwa vyama vya nyumba: unaweka mchango mwanzoni, pengine maelfu ya euro, na unarudishiwa ukiondoka, ukiwa umepunguzwa kidogo kwa kila mwaka. Dalali hulipwa na aliyemwita, tangu Julai 2023.

Na Stockholm?

Kwa ufupi: kodi za mikataba rasmi ni nafuu, foleni ni ya miaka karibu 9 kwa wastani, na katikati ya jiji ni zaidi. Wengine hupanga kwa mpangaji mwenzao kwa bei ya juu, au huishia Rinkeby na Tensta, mitaa iliyojengwa na mpango wa nyumba milioni moja wa 1965 hadi 1974, ambako wahamiaji wamejikuta wametengwa na mji. Ukipata nafasi Uswidi, ingia kwenye foleni siku ileile unayofika. Ada ni kroni 200 kwa mwaka.

Ningemshauri nani nini

Mwanafunzi wa mwaka mmoja, asiye na familia: London kama chuo kina bweni, Berlin kama hakina na una uvumilivu wa kutafuta chumba kwenye WG. Vienna haikupi tunda lake kwa mwaka mmoja, ingawa mabweni yake si mabaya.

Muuguzi au fundi mwenye mkataba wa miaka mitatu, anayetaka kutuma fedha nyumbani: Berlin, kwa sharti kwamba mwajiri akusaidie nyumba ya kuanzia. Liulize hili kabla ya kusaini kazi, na lipate kwa maandishi. Mshahara wa London unaonekana mkubwa zaidi mpaka uutoe kodi ya chumba na nauli.

Mwenye watoto, anayejua hatarudi karibuni: Vienna, bila kusita. Utaumia miaka mitano ya kwanza na utakisoma Kijerumani kwa jasho, lakini baada ya hapo mlango uko wazi kisheria, na watoto wako watakulia katika nyumba ambayo hakuna wa kuwaamsha kwa notisi. London nayo ni kwa aliye na ndugu wa kumpokea na kazi ambayo kweli haipo kwingine.

Kokote utakakochagua, usitume amana kwa fleti ambayo wewe au mtu unayemwamini hajaingia ndani yake. Mwenye nyumba akikuambia yuko nje ya nchi na funguo atazituma kwa posta, huyo ni tapeli. Lipia hosteli wiki mbili za mwanzo, nenda ukaione fleti, na amana uilipe kwa benki baada ya kusaini mkataba.